Azimio la Afya Lisiloishia Mdomoni

Kila unapoingia mwaka mpya, na tena inapoanza Kwaresima, katika nyumba nyingi husikika maneno yanayofanana: safari hii nitapunguza mwili, nitaacha soda, nitaanza mazoezi. Husemwa kwa moyo wa kweli. Lakini ifikapo Pasaka, au hata kabla yake, soda imekwisha kurudi mezani, na viatu vilivyonunuliwa kwa ajili ya mazoezi vinavaliwa kwendea sokoni. Wengi hujilaumu kwamba hawana nia. Sisi tunaona kwamba nia mara nyingi ilikuwapo. Kilichokosekana ni namna ya kulipanga azimio lenyewe.

Mwezi huu tumeona yafaa tulizungumzie jambo hili kwa kutumia ugonjwa mmoja unaozidi kuingia katika familia zetu, yaani kisukari cha ukubwani, ambacho waganga hukiita kisukari cha aina ya pili. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa huu hauletwi na kijidudu wala hauna chanjo. Kuuzuia kwategemea sana mambo yanayofanywa jikoni na njiani kila siku. Pili, ni katika ugonjwa huu hasa wataalamu walipopima kwa makini iwapo mtu wa kawaida akiwekewa lengo la wazi aweza kweli kujiepusha na maradhi.

Walio mpakani

Chakula chetu kikubwa, kama vile ugali, wali, ndizi, viazi na muhogo, hugeuka kuwa sukari mwilini. Sukari hiyo husafiri katika damu, na ili iingie katika misuli ikatumike kama nguvu, huhitaji insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Kwa mtu aliyenenepa, hasa tumboni, na ambaye hautumii mwili wake kwa kazi wala kwa kutembea, insulini huanza kupuuzwa. Kongosho hujitahidi kutoa zaidi na zaidi. Huendelea hivyo kwa miaka, kisha huchoka. Kwa hiyo kisukari cha ukubwani hakimwangukii mtu kwa siku moja. Kwanza hupita katika kipindi kirefu cha kuwa mpakani.

Mpaka huo unapimika. Mtu akipimwa asubuhi kabla ya kula, sukari iliyo chini ya 6.1 ni ya kawaida. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 yuko mpakani. Ikifika 7.0 au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikaonyesha hivyo hivyo, huyo ana kisukari. Hivi ndivyo vipimo vya Shirika la Afya Duniani.

Taabu ni kwamba aliye mpakani haumwi chochote. Analala vizuri, anakula vizuri, anasifiwa kwamba amenawiri. Atavukaje mpaka bila kujua? Ndivyo wengi wanavyovuka. Baadaye sukari iliyozidi huharibu mishipa midogo ya macho na ya figo, na neva za miguu hufa ganzi. Mtu hukanyaga msumari au huchubuliwa na kiatu asijue, kidonda kikaoza, na mwisho wake ni kukatwa mguu. Wapo wazazi walioacha kulima na kufanya biashara kwa namna hiyo, na ada ya watoto ikaenda kwenye matibabu.

Malengo mawili tu

Mwaka 1986, katika mji wa Daqing nchini China, waganga walianza kuwafuatilia watu 577 waliokuwa mpakani. Baadhi yao walifundishwa kwa miaka sita kubadili chakula, au kufanya mazoezi, au yote mawili. Walifuatiliwa kwa miaka 30. Waliofundishwa, kwa wastani, walichelewa kupata kisukari kwa karibu miaka minne kuliko wenzao, na waliokufa kwa maradhi ya moyo na mishipa walikuwa wachache zaidi.

Huko Ufini nako walichukuliwa watu 522 wenye uzito mkubwa, wakawekewa malengo matano ya chakula, uzito na mazoezi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001. Kati ya wale waliotimiza malengo manne au matano, hakuna hata mmoja aliyepata kisukari wakati wa utafiti huo.

Utafiti uliojulikana zaidi ni wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2002. Walishiriki watu 3,234. Kundi moja lilipewa vidonge vya metformini, la pili vidonge visivyo na dawa, na la tatu halikupewa kidonge bali malengo mawili tu: kupunguza asilimia 7 ya uzito wa mwili, na kutembea kwa haraka, au kufanya jambo linalolingana na hilo, kwa dakika 150 kila wiki. Katika kila watu 100 kwa mwaka mmoja, waliopata kisukari walikuwa wapatao 11 kwa wale wa vidonge vitupu, wapatao 8 kwa wale wa metformini, na wapatao 5 tu kwa wale wa malengo. Yaani malengo yaliishinda dawa.

Tuyatazame malengo hayo kwa karibu, kwa maana hapa ndipo penye mafundisho. Mtu mwenye kilo 80 hakuambiwa arudi kuwa na kilo 60 alizokuwa nazo siku ya arusi yake. Asilimia 7 ya kilo 80 haifiki kilo 6. Tena alipewa miezi ipatayo sita, ambayo ni kama robo kilo kwa wiki. Na dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Hakuna aliyelazimishwa kukimbia.

Jambo jingine ni hili. Baada ya wiki 24 za mwanzo, ni nusu tu ya kundi hilo waliokuwa wametimiza lengo la uzito, na mwishoni walibaki asilimia 38. Hata hivyo kundi zima lilifaidika kwa kiasi tulichokwisha kutaja. Aliyepunguza kilo tatu badala ya sita hakurudi nyumbani mikono mitupu. Twalisisitiza hili kwa sababu tumewaona wengi wanaoacha kila kitu wakiona mizani haijafika walipotaka.

Lengo liwe tendo

Sasa tuje nyumbani. Baba au mama amerudi kutoka zahanati ameambiwa sukari yake ni 6.5. Anasema, “Lazima nipunguze mwili.” Maneno hayo ni mazuri, ila hayajamwambia afanye nini kesho saa kumi na mbili asubuhi. Kupunguza mwili si tendo. Ni tokeo la matendo mengi. Huwezi kuamka ukapunguza mwili kama unavyoamka ukafagia uwanja. Waweza kuamka ukatembea, ukatia sukari kijiko kimoja badala ya vitatu, ukapakua ugali kidogo na mchicha mwingi. Hayo ndiyo matendo, na jioni mtu aweza kujiuliza, “Nimefanya au sikufanya?” akajijibu bila kujidanganya.

Peter Gollwitzer, mtaalamu wa elimu ya nafsi kutoka Ujerumani, alilieleza jambo hili katika maandishi yake ya mwaka 1999. Alionyesha kwamba mtu anayeamua mapema ni lini, wapi na kwa namna gani atafanya jambo, hulitekeleza zaidi kuliko mwenye nia tupu. Ni kulifunga tendo kwenye saa au kwenye tukio: likitokea hili, nitafanya lile. Mwaka 2002 walitangazwa wanafunzi wa chuo huko Uingereza waliojaribiwa kwa namna hiyo kuhusu mazoezi. Kati ya wale wasiopewa kitu, asilimia 38 walifanya mazoezi wiki iliyofuata. Wale waliosomeshwa juu ya hatari ya maradhi ya moyo walikuwa asilimia 35, kana kwamba hofu haikuwaongezea lolote. Lakini wale ambao, pamoja na somo hilo, waliandika siku, saa na mahali watakapofanyia mazoezi, walifika asilimia 91.

Tusidhani kwamba kila mtu mahali pote atafanya kama wanafunzi wale. Hata hivyo linatufundisha sisi tunaohubiri afya kwa kutishia watu na miguu iliyokatwa. Kutisha peke yake hakumwinui mtu kitini.

Basi tuseme mama anayeuza duka mjini anaazimia hivi: “Jumatatu hadi Ijumaa, nikifunga duka, sitapanda bodaboda, nitatembea hadi nyumbani kwa mwendo wa kutoa jasho kidogo.” Kama njia ni ya nusu saa, amekwisha kutimiza dakika 150. Hakutafuta muda mpya wala uwanja, amelifunga lengo kwenye jambo ambalo hutokea kila siku, yaani kufunga duka. Anayeishi mbali aweza kushuka daladala vituo viwili kabla ya chake. Mkulima anayeshinda shambani na jembe hahitaji kuambiwa atembee. Kazi yake ni mazoezi tosha katika msimu. Ila msimu ukiisha, akakaa miezi mitatu kivulini, naye ajihesabu pamoja na watu wa ofisini.

Kwa upande wa sukari, hebu tupige hesabu ya chai. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni vijiko tisa. Kijiko cha chai kisichojazwa kilima ni gramu 4 hivi, kwa hiyo ni gramu 36 kwa siku, na kwa mwezi zaidi ya kilo moja ya sukari kwa mtu mmoja, kabla hajagusa andazi. Soda ya mililita 300 huongeza gramu 30 hivi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba kwa mtu mzima wa kawaida sukari ya namna hii isizidi kama gramu 50 kwa siku, na ni bora zaidi ikishuka hadi 25. Azimio la “nitapunguza sukari” halina mkono wala mguu. Lakini “kuanzia Jumatatu vijiko viwili, baada ya wiki mbili kimoja na nusu, baada ya nyingine mbili kimoja” ni azimio linaloeleweka hata na mtoto anayetumwa kutia chai. Nao ulimi huzoea. Baada ya muda chai ya zamani humchefua mtu yule yule.

Watu hutuuliza, je, itachukua siku ngapi mpaka jambo liwe mazoea? Katika chuo kikuu kimoja cha London, Phillippa Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kuanza tabia mpya ndogo, mfano kunywa maji wakati wa chakula cha mchana au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kwamba katika hali ya kawaida ilichukua kama siku 66 mpaka tabia ikajiendea yenyewe. Kwa mwepesi zilikuwa siku 18. Kwa mzito, kwa makadirio, 254. Sasa Kwaresima huhesabiwa siku 40. Si ajabu basi kwamba aliyeacha soda Jumatano ya Majivu huirudia Jumatatu ya Pasaka. Mti ulikuwa bado haujashika mizizi, na tayari mwenyewe ameacha kuumwagilia. Anayetaka lengo la Kwaresima liwe la afya yake pia, alipangie tangu mwanzo lifike mwezi wa sita.

Sufuria ni moja

Vitabu vingi vya malengo vimeandikwa kana kwamba mtu anaishi peke yake, na jokofu lake, na saa yake. Kwetu si hivyo. Sufuria ni moja, birika ni moja, na mara nyingi chai imekwisha kutiwa sukari humo humo kabla haijafika mezani. Lengo la mtu mmoja lisipojulikana kwa mpishi, linakufa siku ya kwanza. Tena likitangazwa vibaya, nyumba nzima hulichukia.

Tunajua nyumba ambamo mume aliuliza, “Mama watoto, mbona chai siku hizi ni maji ya moto?” ikawa ugomvi. Mama alikuwa amesikia mafundisho kliniki akapunguza sukari kimya kimya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angesema kwanza, “Baba watoto, mganga amesema sukari yangu iko mpakani. Naomba birika lisitiwe sukari, kila mtu ajitilie kikombeni mwake.” Kwa hatua hiyo ndogo hakuna aliyenyimwa kitu, na kila mmoja ameona kwa macho yake anatia vijiko vingapi. Na waume nao wasikie: ikiwa wewe ndiwe uliye mpakani, mkeo hawezi kukutimizia lengo lako huku ukidai kila jioni mlima wa ugali.

Kuhusu sahani, hakuna haja ya vyakula vya dukani. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, kama vile mchicha, kisamvu, matembele au kabichi. Robo iwe maharage, kunde, samaki au nyama. Robo iliyobaki iwe ugali, na wa dona ni bora kuliko wa sembe. Anayepakua ugali kwa mwiko ahesabu miko. Hesabu hiyo hailipiwi.

Kuna jambo moja ambalo hatuna budi kulisema wazi, maana linaua malengo mengi kuliko uvivu. Kwetu unene umekuwa dalili ya kutunzwa. Mke akinenepa, mume husifiwa. Mume akikonda, mke husengenywa. Tena tangu miaka ile UKIMWI ulipoanza kuchukua watu, kukonda kumekuwa neno la kutisha. Mtu akipungua kilo tano tu, majirani huulizana pembeni, na yeye akisikia hukimbilia kurudisha kilo zake ili kulinda heshima. Tunamwelewa. Dawa yake ni kuwaambia mapema watu wachache wa karibu: mwenzi wako, watoto wakubwa, na mmoja au wawili katika jumuiya. “Ninapunguza uzito kwa ushauri wa zahanati, sukari yangu iko juu.” Wakiulizwa, watajibu wao. Na zaidi, wapo wa kutembea nawe jioni. Ila mtu akikonda bila kukusudia, hasa akiwa na kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara, huyo asijipongeze. Aende akapimwe upesi.

Watoto wasiwekwe kwenye lengo la kupunguza uzito bila shauri la mganga. Wao wanakua. Inatosha soda isiwe kinywaji cha kila siku nyumbani, nao wacheze nje.

Siku ya kuteleza

Itakuja. Kuna arusi, kuna kipaimara, kuna msiba wa siku tatu wenye pilau. Mvua nayo itanyesha saa ile ile ya kutembea. Mwenye hekima hulipangia na hilo: “Mvua ikinyesha jioni, nitatembea kesho yake asubuhi kabla ya kufungua duka.” “Kwenye sherehe nitakula sahani moja, na soda nitaibadili kwa maji.” Katika utafiti ule wa London ilionekana kwamba kukosa siku moja hakukuvunja mazoea yaliyokuwa yakijengeka. Kinachovunja ni yale mawazo ya “nimekwisha kuharibu, basi tule tu mpaka mwezi ujao.”

Kalenda ya ukutani yatosha kuwa kumbukumbu. Kila jioni tia alama ya vema kwa siku uliyofanya, na acha wazi uliyokosa. Katika utafiti wa Marekani pia washiriki walifundishwa kuandika walichokula na dakika walizotembea. Mizani itazame mara moja kwa wiki, saa ile ile. Mwili hubadilika kwa maji na kwa chakula, na anayejipima kila asubuhi hufurahi na kuhuzunika bure.

Kabla hujaanza

Anayetumia tayari dawa za kisukari au insulini asianze kuruka milo wala kupunguza chakula ghafla, na asiache dawa kwa sababu ameanza kutembea. Sukari yaweza kushuka mno akaanguka. Azungumze kwanza na mganga wake. Mama mjamzito vilevile asijiwekee lengo la kupunguza uzito. Mwenye maumivu ya kifua anapopanda mlima aonane na mganga kabla ya kuanza mwendo wa haraka. Na aliyekwisha kufa ganzi miguu achague viatu vilivyofunga, akague nyayo zake kila jioni. Ama wale wanaouza unga na majani ya kupunguza kilo kumi kwa wiki mbili, hatuna la kuwasifu. Hata waganga wa Marekani, pamoja na mali yao yote, waliweka lengo linalolingana na kama robo kilo kwa wiki.

Aliye mpakani arudi kupima baada ya miezi mitatu, na tangu hapo angalau mara moja kwa mwaka. Siku hiyo usile wala usinywe chai kwa saa nane kabla ya kipimo. Maji matupu yanaruhusiwa. Nenda na kalenda yako au daftari ulilotia alama, umwonyeshe mganga, ili mtakapopanga lengo la miezi mitatu inayofuata muanzie kwenye yale uliyoweza kuyafanya.